Shukrani kwa Wenye Mvua na Mlango

Jumatatu, 3 Machi
Dada yangu amepasuliwa macho, huko ugenini kwake, mbali na huku ugenini kwangu. Amefungwa bendeji. Daktari kamwagiza alale chali bila kugeukageuka, la sivyo macho hayatapona. Dada hajatulia tangu azaliwe. Kanipigia simu: angesikia mvua juu ya bati la nyumba yetu, angetulia. Nikamwambia ninayo, niliirekodi kabla hatujaondoka. Sina. Hata nyumba haipo. Lakini mgonjwa hapewi habari kama hizo.

Jumanne, 4 Machi
Mkaza mwana wangu, mjuzi wa kompyuta, kanionyesha tovuti ya sauti za bure. Mvua za kila namna. Milango. Majogoo. Watu wametega vinasa sauti, wakangoja, kisha wakawagawia wasiowajua. Niliondoka kwetu na sanduku moja. Leo nimepewa mvua nzima.

Nimechukua mvua, mlango unaolia, na majogoo wawili, mmoja wa akiba.

Jumatano, 5 Machi
Jirani wa juu, mstaafu wa redio tunayemwita Mtangazaji, amekuja kusikiliza bila kualikwa. Kasema hiyo si mvua, ni mafuta yanakaanga kitu. Enzi zao mvua waliitengeneza kwa mchele juu ya sinia. Nikamjibu mchele ni wa kula. Akaondoka akitabasamu.

Nimebadilisha mvua. Si kwa sababu yake.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mkaza mwana kanisomea masharti: ni bure, ila umtaje mwenye sauti. Kasema, "Baba, andika mstari mmoja tu chini, yatosha." Nikamuuliza aliyefungwa macho atausoma kwa nini, kwa pua? Lazima nitaje kwa mdomo. Nikitaja, dada atajua nimemdanganya. Nisipotaja, mimi mwizi wa mvua, na kwa umri huu.

Dawa nimeipata. Shukrani zitakaa mwishoni. Kwa mvua ile, atakuwa amelala zamani.

Jioni nimerekodi shukrani, zikatumwa kwa dada pamoja na mvua. Mkaza mwana analalamika shukrani zimeipita mvua kwa urefu. Sasa mtu akupe mlango, umshukuru kwa pumzi moja? Nimewaulizia hali. Nimewaombea wazazi wao. Nimemwomba radhi mwenye jogoo kwa kumpunguza sauti. Wa mlango anajiita Kiatu Kimoja. Nimemtakia cha pili.

Jumamosi, 8 Machi
Dada kapiga simu. Hakulala. Kasikiliza yote, chali, kimya, hadi muuguzi akadhani amezirai.

Mlango wetu, kasema, haukuwahi kulia. Marehemu baba aliupaka mafuta kila Ijumaa. Jogoo hatukufuga, tuliamshwa na wa jirani, na tukimlaani. "Njia ya mwongo ni fupi, mdogo wangu, na yako hata jogoo ameiona."

Nikatafuta pa kujificha, ndani ya simu.

Kisha kasema mvua si yetu, lakini shukrani ni zetu. Mama alimshukuru mgeni sebuleni, akamshukuru mlangoni, akamfuata hadi barabarani akaanza upya, mgeni akachelewa basi. Tangu tutawanyike hajasikia mtu akishukuru hivyo. Anataka kusikilizishwa shukrani za Kiatu Kimoja kila siku mpaka bendeji ifunguliwe. Akizisikiliza hizo, hageuki.

Yeyote aliyerekodi mlango ule, Mungu ampe.

Jumapili, 9 Machi
Daktari ameridhika: macho yanapona. Mtangazaji kaleta sinia na mchele wake, nikitaka mvua ya kweli. Nimemshukuru hadi kwenye ngazi. Kaomba ruhusa ya kwenda mara mbili.

Mchana dada kauliza, bila hasira, kama kweli sina chochote cha kwetu. Nikamwambia ipo kengele ya shule yetu. Niliirekodi mwenyewe.

Nimeshaipata kwenye tovuti ile. Ya bure, safi, mwenyewe anajiita Bibi Msumari. Nitamtaja, haki ya mtu haipotei. Ila mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini. Safari hii atalala.