Ombi la Kumwondoa Kahaso Nyumbani Kwangu

Bongwe, Ukunda
Ijumaa, baada ya adhuhuri, mtoto amelala

Kwa Afisa Msimamizi,
Huduma za Watoto Wadogo na Familia,
Kwale.

Bwana Japheth,

Shikamoo ikiwa umenizidi umri. Ikiwa hukunizidi, hujambo ndugu yangu, na nyumbani hawajambo? Mimi ni Ummulkheir, mama Rashad, wa Bongwe, nyumba ya pili ukipita msikiti. Shule nilifika kidato cha pili, kwa hiyo nikikosea mahali unisamehe, lakini malalamiko yenyewe hayana kosa.

KUH: MHUDUMU WENU KAHASO

Naomba kwa heshima mhudumu wenu Kahaso, anayetujia kila Jumanne kwa ajili ya mtoto, aondolewe nyumbani kwangu haraka, apelekwe mahali ambapo sitakutana naye hata sokoni. Sababu zangu ni hizi:

1. Hakukagua. Siku aliyokuja mara ya kwanza niliamka alfajiri, nikafagia uwanja mara mbili, nikaficha sufuria zilizoungua chini ya kitanda, nikaazima kwa jirani yangu Twaiba vikombe sita vya maua. Mtu akija na mkoba na fomu, amekuja kutazama uchafu. Huyu wenu alivua viatu, akakaa mkekani, akageuza kifuu cha nazi kuwa ngoma, akacheza na mtoto saa nzima. Hata pazia langu jipya hakulisifu.

2. Alijua na akanyamaza. Hapa, Bwana Japheth, lazima niseme na langu. Mtoto niliyemwonyesha siku ile hakuwa Rashad. Alikuwa Farhan, mtoto wa Twaiba; nilimwazima pamoja na vikombe. Rashad wangu alikuwa ameshapita miaka miwili na hajasema neno lolote, na watu walishaanza kuniuliza nilikula nini nilipokuwa na mimba yake. Niliogopa mtaandika kwamba mwanangu ni bubu, na ya serikali yakishaandikwa nani atayafuta? Farhan husema mpaka usingizini. Nikamvika shati la Idi la Rashad, nikamketisha mkekani, wangu nikamficha nyuma ya pazia na kipande cha mkate.

Wiki tatu Kahaso alikuja, akanywa chai yangu, akamsikiliza Farhan akihesabu mpaka kumi na moja, akaandika. Jumanne ya tatu, akiwa anavaa viatu aende zake, akasema, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba siku nyingine angependa kucheza na yule wa nyuma ya pazia pia, kwa sababu kila akipiga kifuu, pazia nalo hucheza kwa mapigo yaleyale. Nilikaa chini palepale. Nikamwuliza amejua tangu lini. Akasema tangu siku ya kwanza: Farhan alikuwa akimwita mama yake kupitia ua wa makuti, na Twaiba akimwitikia. Sasa ni mhudumu gani huyu, anayemwacha mtu mzima aseme uongo mpaka aumalize mwenyewe? (Zile fomu tatu za mwanzo, ofisi ijue, ni za Farhan. Ana afya njema.)

3. Aliniuliza nalala vipi. Mimi, si mtoto. Tangu nijifungue sijaulizwa swali hilo na mtu yeyote. Nililia mpaka wali ukaungua, na ulikuwa wali wa watu watano.

4. Amemharibu mume wangu. Jumbe ni bawabu katika nyumba moja ya wageni Diani. Ni mtu wa maneno machache, na nilipoolewa naye nilishukuru kwa hilo. Kahaso akamwambia kwamba mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa, kwa hiyo baba naye amsimulie mtoto anayoyaona. Jumbe akasema yeye hana la kusimulia, kazi yake ni kuandika kwenye daftari la lango nani kaingia na nani katoka. Kahaso akamjibu, basi hayohayo, baba Rashad, hayohayo yanatosha.

Tangu siku hiyo sina utulivu. Jumbe akiwa nyumbani humweka mtoto begani akazunguka naye uwanjani akimpa taarifa: saa moja na robo, kuku wawili wameingia kutoka kwa Twaiba, shughuli yao haijulikani. Saa moja na nusu, mama ametoka jikoni na ufagio, amekasirika, apishwe. Wanaume wenzake wakipita humwuliza kama siku hizi amekuwa yaya. Huwajibu kwamba yuko zamu, wasimsumbue.

5. Rashad amesema. Ndiyo, alhamdulillahi, ni miezi mitatu sasa, na sitaki mdhani sina shukrani. Lakini neno lake la kwanza halikuwa mama, niliyembeba miezi tisa. Mkwe wangu Bi Hafswa alikuja kututembelea, akabisha hodi. Rashad akachukua daftari langu la zamani, akamtangulia, akasimama katikati ya mlango akamwuliza: jina nani?

Bi Hafswa, ambaye mwaka mzima amekuwa akisema ulimi wa mtoto umekufa kwa sababu mimi namdekeza, akataja jina lake na la baba yake. Rashad akamwuliza anakwenda kwa nani. Bibi akajibu, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, kwamba amekuja kwa mume wake, Rashad. Mtoto akamtazama kutoka juu hadi chini akamwambia: hayupo.

Bwana Japheth, mama wa watu aliketi kizingitini akacheka mpaka mtandio ukamwanguka, halafu akalia, halafu akaomba kalamu ajiandikishe. Zamani alikuja mara moja kwa mwezi. Sasa huja kila siku ili asimamishwe mlangoni, na amekuwa mpole hata sina tena mkwe wa kumsema kisimani. Hapiti mtu kwangu bila daftari. Imamu ameandikwa. Muuza samaki ameandikwa. Twaiba, anayeingia mara kumi kwa siku kuomba chumvi, amejaza kurasa mbili na amenuna.

6. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Karatasi yenu inasema mtoto akitimiza miaka mitatu, mhudumu haji tena. Rashad anatimiza tarehe kumi mwezi ujao. Nilimwuliza Kahaso kama ni kweli, akainamia mkeka akaanza kuokota makombo yasiyokuwapo.

Je, huu ni uungwana? Mnamleta mtu, anakaa chini na sisi, anatuzoeza kusikilizwa, halafu mnahesabu miaka na kumchukua? Jumanne iliyopita mvua ilimchelewesha, nikajikuta nimesimama njiani bila viatu nikitazama kila tuktuk. Mimi sikubali kuachwa, Bwana Japheth. Afadhali nimfukuze. Kwa hiyo aondolewe kabla ya tarehe kumi, na iandikwe kwenye fomu kwamba ni mimi niliyemkataa, si ofisi. Kama hilo haliwezekani, basi mniletee mwingine kwa hizi wiki zilizobaki, mwenye haraka, asiyevua viatu, aangalie vikombe, aandike, aende. Huyo nitaagana naye vizuri tu.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa dada Purity anayepokea simu bila kukata mtu maneno. Jumbe anasalimu, Bi Hafswa anasalimu. Twaiba hasalimu.

Mimi mwenye uchungu lakini na adabu zangu,
Ummulkheir, mama Rashad

Nyongeza: Leo ni Jumatatu. Barua nilikuwa nimeshaitia gundi, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Asubuhi nilikwenda kliniki nikidhani huu ni uchovu tu. Si uchovu. Ni miezi minne. Nimerudi nikageuza karatasi yenu upande wa nyuma, ambao sikuwahi kuusoma, nao unasema nyumba yenye mama mjamzito huhesabiwa upya, mpaka mtoto huyo naye atimize miaka mitatu. Kwa hiyo malalamiko yangu yote, moja hadi sita, nayaondoa, na atakayemgusa Kahaso atanijua. Aje kesho kama kawaida. Mume wangu bado sijamwambia. Naomba ofisi isinitangulie.