Nyambizi ya Korido

Jumatatu, 4 Machi
Jeshi la majini limenikatalia. Afisa alisema kwanza hawana nyambizi. Pili, wangekuwa nayo, wasingenipa. Sawa. Filamu yangu ya kusisimua itapigwa bila wao! Dada amenipa ufunguo wa nyumba ya wazazi, niipake rangi kabla ya mnunuzi kuichukua Jumamosi. Korido yake ni ndefu, nyembamba, haina dirisha. Nyambizi tosha. Nimemwahidi dada nitaanza na korido. Sikumdanganya.

Jumanne, 5 Machi
Korido sasa ni ya kijivu. Limebaki doa la mafuta ya nywele ya marehemu baba, pale alipozoea kuegemea akisikiliza redio. Nimelizunguka kwa brashi. Kwenye filamu litakuwa kutu. Macho yaliniwasha. Rangi hiyo, bila shaka.

Jumatano, 6 Machi
Nahodha ni shemeji, mume wa dada, fundi cherehani. Nimemwapisha asimwambie mkewe. Kombora lilipotupiga alitakiwa kuyumba kushoto. Akayumba kulia, akamwangukia mpigapicha. Mpigapicha akanuna, akasema kwenye harusi anazopiga hata walevi huyumba kwa mpangilio. Wivu mtupu. Anataka kuwa mwongozaji.

Alhamisi, 7 Machi
Onyesho la maji kuingia. Nikalegeza bomba la jikoni kwa spana. Kidogo tu. Likang'oka! Maji hadi vifundoni. Shemeji akakimbilia nje kuyafunga kwenye mita, akakutana uso kwa uso na mkewe, ametoka kazini na sare yake ya unesi. Shemeji alikuwa na kofia ya unahodha.

Dada akaingia, akatazama kuta.

"Hii ndiyo rangi?"

Nikaficha spana mgongoni. Dada akavua viatu, akakaa majini na sare yake, akajisukuma, akateleza hadi mwisho wa korido. Ndivyo tulivyofanya utotoni, mama akishamwaga maji ya kupiga deki. Nikamfuata. Sijamsikia akicheka vile tangu mazishi ya mama. Kisha akalia. Mimi nilikuwa natetemeka tu, kwa baridi.

"Mama angetuchapa wote wawili," alisema.

Ijumaa, 8 Machi
Tumepaka rangi nyeupe tangu asubuhi, sisi watatu. Doa la baba amelipaka dada mwenyewe, polepole. Nilitoka nje nisione.

Jumamosi, 9 Machi
Mnunuzi amechukua ufunguo. Mpigapicha anasema filamu haina kitu, isipokuwa watu wazima wawili wakiteleza kwa makalio na kucheka. Anaapa hajawahi kupiga kipande kizuri kama kile. Nimemwamuru akikate. Kinaharibu taharuki! Amegoma, amempelekea dada. Msaliti.

Leo nimeliandikia jeshi la anga. Naomba ndege moja na askari wa miavuli. Watakataa, najua. Lakini sebule ya dada ina dari iliyo juu sana, wiki ijayo yuko zamu ya usiku, na shemeji keshayapima mapazia.