Treni Mbili, Kompyuta Moja

Jumatatu, 6 Mei

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: nataka kuendesha treni. Tangu nimalize shule, kila mgeni ananiuliza nitafanya kazi gani. Najibu ukarani, huku natazama vidole vya miguu. Lakini ndani ya kompyuta ya shangazi nina treni yangu! Naketi kiti cha dereva. Mvua inapiga kioo. Reli zinang'aa mbele hadi zinapotelea kwenye ukungu. Mabehewa manane yananitii mimi. Mimi, ninayeona haya kuagiza soda dukani!

Sasa balaa. Shangazi ni fundi cherehani, na kompyuta ni yake ya kuchorea mitindo. Imeanza kugoma. Kasema mchezo mmoja ufutwe, wangu au wa binti yake. Ataamua Jumapili.

Jumanne, 7 Mei

Huyo binti yake tunamwita Mkurugenzi. Kwenye mchezo wake huendeshi chochote. Unaitazama nchi kutoka juu, unatandaza reli, unapanga treni zipite wapi. Nikamwuliza raha iko wapi. Akanijibu kwamba mimi, mdogo wake, ni dereva tu, na madereva huajiriwa na watu kama yeye. Imeniuma! Nimebuni mpango.

Alhamisi, 9 Mei

Mkurugenzi alipotoka, nikaingia kwenye mji wake. Nikageuza taa moja ya reli, ile inayoruhusu treni kupita, itazame nyuma. Moja tu! Treni ya kwanza ikasimama. Ya pili ikasimama nyuma yake. Kisha zote. Nikajiegemeza nifurahie.

Ole wangu. Vijitu vidogo kama punje za mchele vikaanza kujaa stesheni. Vinasubiri tu. Kiwanda kikaacha kutoa moshi. Kumbe taa moja inaweza kuizuia nchi nzima isipumue! Nikairudisha mbio. Na kwa kuwaomba radhi, nikawajengea njia ya pili ya kupishana. Treni zikapishana bila kugusana. Nyumba zikachipuka kando ya reli, madirisha yakawaka moja moja. Nilisahau kumeza mate.

Ijumaa, 10 Mei

Mkurugenzi katangaza kuwa mji wake umestawi kwa akili zake. Kaniita nikaone. Nikasema hongera. Ningesema nini?

Jumapili, 12 Mei

Siku ya hukumu. Mkurugenzi akaonyesha mji. Akaringia njia ya kupishana. Njia yangu!

Zamu yangu ikafika. Breki nilizibana taratibu, nikasimama stesheni, mstarini kabisa. Chai isingemwagika. Shangazi akashika kifua. Akauliza, mwanangu, dude zito hivi umelisimamisha wewe? Nikatabasamu. Kisha akauliza mbona wale watu hawapandi, wananyeshewa bure.

Milango! Kumbe ina kitufe chake! Siku zote nimekuwa nikisafirisha viti vitupu!

Mkurugenzi alicheka mpaka akaangukia kwenye vitambaa. Shangazi kaamua mchezo wa binti yake ubaki, kule angalau watu wanafika. Mimi niufute wangu.

Sikuufuta. Nimeuficha kati ya mitindo ya nguo za shangazi, kwenye folda niliyoiita "Mikono Mifupi". Kompyuta inagoma vilevile. Wanalaumu umeme.

Jumanne, 14 Mei

Leo mchana cherehani ilinyamaza ghafla. Mlango umefungwa. Ndani, honi ya treni! Nikachungulia dirishani. Shangazi, tepu ya kupimia shingoni, anaendesha treni yangu! Macho yamemtoka kama mtoto. Alipovuka daraja akanong'ona, Mungu wangu, ona maji yale. Akafika stesheni, akasimama mstarini. Milango hakufungua.

Ningebisha hodi tu. Ningeketi kando yake, nikamwonyesha kitufe, labda hata nikamweleza ukweli kuhusu ule ukarani. Mkono niliuinua kabisa, ukakataa kugonga.

Basi nimerudi kumshonea shangazi vifungo, na mpango mpya umenijia. Mji wa Mkurugenzi ukiharibika, shangazi mwenyewe ataurudisha mchezo wangu, bila mimi kusema neno. Safari hii nitageuza taa mbili.

Wewe unayesoma, hujaona kitu. Tafadhali, yabaki kati yetu.