Kiti cha Noreen kwenye Kona ya Tatu

Alhamisi, 23 Mei

Noreen mpenzi,

Dada yako Geneva kapiga simu asubuhi. Hakusalimia. Kasema mwaka jana alinyamaza kwa sababu ya msiba, lakini kiti chako hakiwezi kukaa bure kila mwaka kwenye mbio za magari. Anataka akikalie Lowell, mchungaji mstaafu, mchumba wake wa tangu Pasaka. Mtu anayeongea hata magari yakipita!

Nikamwambia miaka thelathini na moja tumekaa wawili pale. Jumapili nitaweka kofia yako ya ukili juu ya kiti. Akajibu, "Shemeji, kofia haiangalii mbio."

Tumeafikiana. Keshokutwa tutachota majina ya madereva kwenye kofia, kama kila mwaka. Ambaye dereva wake atamtangulia wa mwenzake ndiye atakayeamua nani akalie kiti kuanzia mwakani.

Siwezi kushindwa hili.

Ijumaa, 24 Mei

Nimepata njia. Tavares ndiye dereva mwenye kasi kuliko wote na ndiye anayeanza mbele. Majina thelathini na matatu nimeyaandika mwenyewe, kwa wino, kama ulivyokuwa ukifanya. Karatasi yake iko kwenye friji, ndani ya barafu, chini ya njegere. Kesho mkono utaitambua kwa ubaridi.

Nimejaribu mara sita. Mara sita nimempata! Nimecheka peke yangu jikoni. Sijacheka hivyo tangu uondoke.

Jumamosi, 25 Mei

Balaa.

Nimetumbukiza karatasi dakika ya mwisho. Lowell akaomba tusali kwanza. Kawaombea madereva, mafundi, matairi, mawingu, na ng'ombe watakaotoa maziwa ambayo mshindi hunywa kila mwaka. Dakika kumi na mbili! Geneva anaitikia amina, mimi nasikiliza barafu ikiyeyuka.

Nikaingiza mkono. Hakuna baridi. Maji tu. Nikavuta iliyolowa.

Kumbe karatasi ya Tavares ililowanisha na ya jirani yake. Nimempata Kip Hostetler, anayeanza wa thelathini na tatu. Wa mwisho kabisa.

Geneva akachota. Tavares! Akauliza mbona karatasi yake imelowa, kwani paa langu linavuja? Nikasema ndiyo. Lowell akapanda juu ya paa kukagua. Kashuka saa nzima baadaye, kasema halina hata tundu.

Jumapili, 26 Mei

Kofia yako kitini, Geneva upande wa pili, Lowell safu ya nyuma, mdomo wake sikioni mwangu. Tavares kaongoza mchana kutwa. Hostetler simwoni.

Mzunguko wa 188 kati ya mia mbili, waliokuwa mbele wakaingia kujaza mafuta. Hostetler hakuingia. Akabaki wa kwanza!

Lowell akaninong'oneza, "Hayamtoshi, ndugu yangu." Nikamwambia aombe, si kazi yake hiyo?

Tavares akaanza kufukuza. Sekunde kumi na nne. Tisa. Tano. Kila wakipita kona yetu nahesabu, na kila mara pengo limepungua. Mzunguko mmoja umebaki, sekunde mbili. Nimeikamata kofia yako kwa mikono miwili. Watu wote wamesimama.

Nikasikia injini ya Hostetler ikikohoa. Mbele yetu kabisa. Gari likaishiwa nguvu polepole, na Tavares akapita kama hakuna mtu.

Nikakaa chini. Lowell kaniwekea mkono begani, basi.

Geneva alikuwa analia. Kasema, "Dada angemtukana yule Hostetler mpaka ashuke alisukume gari mwenyewe." Tukacheka wote watatu. Kisha akafuta macho, kasema mwakani kiti ni cha Lowell.

Jumanne, 28 Mei

Leo ndiyo siku ya kutuma fomu ya viti vya mwakani. Neno ni neno, Lowell atakaa safu yetu.

Ila fomu ninajaza mimi. Kiti changu nimemwandika Lowell, chako nimejiandika mimi. Hakuna atakayekikalia isipokuwa mumeo! Geneva huwa hasomi namba za viti.

Kwenye foleni ya posta ndipo nilipokumbuka kwamba bado nitakaa na Lowell bega kwa bega maili zote mia tano za mbio. Fomu imeshatumwa. Hilo nalo nitalitafutia njia. Nimeshaanza kufikiria, na safari hii haiwezi kushindikana.

Unikumbuke huko, Noreen.

Verlin wako