Simba wa Vumbi na Gari la Vipande Mia na Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimejipalia makaa kwa mikono miwili. Na najisikia vizuri sana!

Kinyozi wetu amepaka rangi ukuta mmoja wa banda lake na kuuita Ukuta wa Majabali. Mteja aliyewahi kufanya jambo kubwa atatundikiwa picha yake hapo. Uzinduzi Jumamosi, saa nne asubuhi. Fundi saa, mwenye meza yake mlango wa pili, keshaleta ya kwake: yeye na kikombe cha ubingwa wa drafti. Drafti! Ushindi wa kukaa kitako!

Nikashindwa kuvumilia. Nikasema mimi ninayo picha niko na gari langu la mashindano, lile nililokimbizia mbio za jangwani hadi nikaitwa Simba wa Vumbi. Kinyozi akazima mashine katikati ya kichwa cha mtu. Akasema, Mjomba, hadithi hiyo tumeisikia hadi tumeihifadhi, picha ndiyo hatujaiona, hebu ilete. Fundi saa akacheka kwa pua. Akasema ailete, tusife bila kuiona.

Nikasema ipo sandukuni. Sanduku lenyewe halipo.

Fundi saa simwogopi. Namwogopea mke wangu. Tulikutana kwenye mbio zile zile, nikamwambia mimi ndiye dereva. Miaka ishirini na tatu anawatambia wadogo zake wawili kwamba aliolewa na dereva wa mashindano. Jumamosi watakuja wote watatu. Nikiumbuka mbele yao, nitarudi nyumbani na uso gani?

Ukweli (daftari, funga mdomo): kwenye mbio zile niliosha vioo vya magari. Lakini niliviosha kwa kasi ya mashindano.

Jumanne, 5 Machi

Nilikwenda duka la vifaa vya shule kununua kalamu, nikarudi na gari!

Lilikuwa rafuni, juu ya bahasha. Gari la plastiki la kuunganisha mwenyewe. Vipande mia na kumi na mbili. Likikamilika linatosha kukaa kiganjani. Akili yangu ikawasha taa zote. Gari dogo liwe karibu na kamera, mtu mzima asimame mbali. Picha itajua nini? Picha haina futi.

Binti wa duka akanionya kwamba kipimo chake ni moja kwa ishirini na nne ya gari halisi. Nikamwambia nimeelewa, mwanangu: moja ni gari, ishirini na nne ni saa za kuliunda. Akanitazama. Akasema haya, Mjomba. Mtu wa kawaida saa ishirini na nne. Mimi kumi na mbili.

Vipande vimeng'ang'ania fremu zao kama miiba ya samaki. Kuna kijitabu cha maelekezo, michoro mitupu. Nimekiweka chini ya mguu wa meza unaocheza. Maelekezo ni ya wasiojua magari.

Nikakata vipande kwa kikatio cha kucha cha mke wangu. Kioo cha pembeni kikaruka. Nikatambaa chini ya kochi saa nzima. Nikaokota vifungo viwili, punje ya dengu na meno matatu ya chanuo. Kioo kilikuwa kimenata kiwikoni mwangu.

Ndani ya boksi kulikuwa na gundi. Nyepesi, ya kitoto. Nikaidharau. Nikachukua ile ya kubandikia viatu, inayoshika papo kwa papo. Kweli ikashika. Bampa la mbele limeshika kwenye kidole changu cha pete. Hapo hapo jirani akapiga hodi, anaazima ngazi. Akauliza hiyo nini. Nikamwambia pete ya madereva wa mashindano, huvaliwa kila Jumanne. Akaondoka na ngazi na heshima juu.

Jumatano, 6 Machi

Balaa! Nimeamka, vioo vyote vya gari vimeingia ukungu mweupe kama macho ya mbwa mzee. Kumbe ile gundi ikikauka hutoa moshi, na moshi hupenda vioo.

Nilihuzunika dakika mbili. Ya tatu nikaruka ruka chumbani. Vumbi! Gari gani la jangwani lina vioo vinavyong'aa? Wenzangu wangehangaika mwezi mzima kutafuta vumbi kama lile. Mimi nimelipata usingizini.

Rangi sasa. Gari lilitoka boksini jeupe kama la daktari. Simba wa Vumbi hapandi gari la daktari. Mke wangu ana rangi ya kucha, nyekundu ya kumwita fahali. Nikapaka chupa nzima. Nikabonyeza mlango kwa dole gumba kuona kama imekauka. Bado. Nikasubiri, nikabonyeza tena. Bado. Mara ya tatu ikawa tayari. Subira huvuta heri.

Jioni mke wangu akauliza nani kamaliza rangi yake. Nikasema labda imekauka yenyewe, vitu vya siku hizi havidumu. Akasema imekaukia kwenye vidole vyako, mume wangu. Nikasema huu ni upele. Akasema pole, akaniletea mafuta ya kupaka.

Maskini, haoni kitu. Mwanamke mwema namna hii ni lazima nimlinde na ukweli.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nilifanya maboresho. Gari la boksini lilikuwa la kwenda ofisini na kurudi. Sasa angalia! Taa nne za ziada mbele: vifungo vya shati langu la harusi. Antena: unywele wa ufagio. Bomba la moshi: mrija wa kalamu. Tope la safari: majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio, nikayakoroga na sukari nyingi ili yashike. Yameshika boneti nzima. Tamu kutazama!

Nikalianika juu ya bati likauke vizuri. Nikapitiwa na usingizi kidogo. Kuamka, paa limebonyea kama mto uliokaliwa na shangazi.

Sikulia. Nilifikiri. Gari lenye paa lililobonyea ni gari lililopinduka. Nami sikumbuki kuwahi kusema sikupinduka!

Nikaenda moja kwa moja kwa kinyozi, nikawahadithia nilivyopinduka mara tatu nikatua kwa magurudumu na kuendelea na mbio, kofia haijadondoka. Mteja mmoja akasahau kufunga mdomo, nywele zikamwingia. Fundi saa akauliza kovu liko wapi. Nikamwonyesha la chanjo, begani. Akasema hilo analo hata yeye. Nikamwuliza, wewe ulipindukia wapi?

Banda likalipuka kwa kicheko. Kesho picha!

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya utukufu!

Jirani ana lundo la mchanga wa kujengea. Jangwa limejileta. Masharubu nimeyapaka rangi nyeusi ya viatu, kupunguza miaka ishirini na tatu. Helmeti nimeazima kwa mwendesha pikipiki. Gari juu ya tofali, karibu na simu. Mchanga nyuma yake. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa, nikaitegea ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi. Kutoka kwenye simu hadi mahali pa kusimama ni hatua ishirini.

Picha ya kwanza: mgongo wangu, nakimbia. Ya pili: mguu mmoja. Ya tano: nimesimama juu ya paa la gari kama kunguru. Ya tisa: kuku wa jirani amepita mbele. Kuku mkubwa kuliko basi! Nilitamani kuiweka hiyo. Ya kumi na mbili: niko vizuri, gari limeanguka. Ya kumi na saba...

Ya kumi na saba, daftari langu! Mkono umetua juu ya paa kama nililizaa mimi. Nimekunja uso kwa ajili ya jua. Mchanga hauna mwisho. Nilipoiona nilianza kukumbuka nilivyokuwa nikiendesha.

Mwenye studio ameichapa kubwa kama sinia. Sikuikagua sana. Kazi nzuri haikaguliwi.

Jumamosi, 9 Machi

Banda limejaa hadi nje. Mke wangu na wadogo zake wamekaa mbele, wamependeza. Kinyozi akaifunua picha. Watu wakaguna "aaah!" Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu nilioufanyia mazoezi asubuhi.

Fundi saa akainuka. Akatoa mfukoni ile lenzi yake ya kutazamia matumbo ya saa, akaibana jichoni, akasogea hadi pua ikagusa picha. Nikasikia masharubu yananiyeyuka.

"Kuna alama ya dole gumba mlangoni," akasema. "Dole lenyewe kubwa kama mlango."

Nikasema ni jasho la mashabiki.

"Haya. Na huyu sisimizi juu ya boneti?"

Wote wakasogea. Wallahi alikuwepo. Sukari ile! Sisimizi mmoja, amesimama kwenye tope, mkubwa kama mbuzi.

"Jangwani kule wanakua," nikasema. "Huyo alikuwa bado mdogo. Mama yake tulimkimbia kilomita nane."

Vicheko hivyo sijapata kuvisikia. Kinyozi alikaa chini sakafuni, kwenye nywele za watu. Fundi saa hakucheka. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia ndiyo maana anafika mapema. Basi akamgeukia mke wangu. Akasema, "Shemeji, wewe ni mtu wa kweli. Gari hili unalijua?"

Hata mashine ikazimwa. Mke wangu akaitazama picha. Akanitazama mimi, na weusi wa viatu ukinichuruzika kidevuni. Nikaona miaka ishirini na tatu inabeba mizigo yake inaondoka.

"Nalijua sana," akasema. "Rangi yake niliichagua mwenyewe."

Kisha akafungua mkoba, akatoa picha ndogo iliyochakaa pembe. Yeye, msichana, amesimama kwenye kamba ya watazamaji. Nyuma yake gari la mashindano, la kweli. Na juu ya kioo cha gari, kijana mwembamba ana kitambaa mkono mmoja, ndoo mkono wa pili.

"Alinifuata akaniambia yeye ndiye dereva," mke wangu akawaambia. "Ndoo anayo mkononi! Maji yanamchuruzika hadi viwikoni, na hapepesi jicho. Nikajisemea, huyu hatanijengea ghorofa. Lakini nyumbani kwake sitanuna hata siku moja."

Nikawatazama mashemeji. Mkubwa wao akasema, "Na sisi tunajua zamani, shemeji. Tuliogopa tu kukuharibia."

Nikajipangusa macho kwa taulo la kinyozi. Nadhani ni ile gundi. Moshi wake mbaya.

Kinyozi ametundika picha zote mbili, sisimizi juu, ndoo chini. Watu walipotawanyika fundi saa akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama gari lenyewe bado lipo, na kama naweza kumwacha alitazame. Anasema tairi moja limekaa upande na roho yake haitulii.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala usingizi wa mtoto. Mtu mwenye ukweli wake ukutani halali vibaya.

Leo asubuhi nilipita kwa kinyozi, kuangalia tu. Mteja mgeni akauliza huyu mwenye ndoo ni nani. Nikamweleza kwamba ile si ndoo. Zamani petroli ya mashindano ilibebwa hivyo, na dereva halisi huosha kioo chake mwenyewe, hamwamini mtu. Akaniomba nimsainie gazeti. Nikalisaini.

Kinyozi anasema pamebaki nafasi moja juu ya kioo. Angependa apate mtu aliyewahi kuvuka bahari. Nikamwambia anyooshe msumari. Picha ipo sandukuni.

Nimekwenda dukani. Ipo meli! Binti akanionya kwamba ni ya moja kwa mia tatu na hamsini. Nimepiga hesabu: saa mia tatu na hamsini ni siku kumi na nne na ushee. Mimi saba. Beseni la maji ninalo. Kofia ya nahodha ataniazima mlinzi wa hoteli.

Nilipofika nyumbani nikakuta kichupa kipya cha rangi ya kucha mezani, juu ya daftari hili. Cha bluu. Mke wangu alikuwa jikoni, anaimba. Maskini, hashuku lolote.

Safari hii hawanipati. Nimetafakari kosa lilikuwa wapi, na lilikuwa moja tu: sisimizi. Baharini hakuna sisimizi.