Mapazia ya Doreen

Jumatatu, 2 Septemba

Jumamosi kamati ya majumba ya kale inakuja kuchagua nyumba itakayofunguliwa watu waitazame. Mwaka jana ilichaguliwa ya jirani yangu Clifford. Ana bundi aliyekaushwa, kamfunika kwa kioo, na haachi tumsahau. Mwaka huu zamu yangu. Sebule nimeirudisha enzi za Malkia Viktoria: kuta za kijani kizito, meko ya vigae, vishada vya nyuzi kila mahali. Hata kigoda cha kuwekea miguu nimekivisha sketi.

Kasoro moja. Mapazia ya marehemu mke wangu, Doreen. Rangi ya chungwa, miduara ya kahawia.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeyapeleka duka la hisani, wanakouza vitu vilivyotolewa na watu. Mama wa kaunta kaniuliza, "Una hakika, kipenzi?" Nikasema hakika. Nimetundika mahameli nyekundu. Ya kifahari sana. Sebule giza tupu. Nimejigonga goti kwenye kigoda.

Jumatano, 4 Septemba

Nimeamka nikiyawaza mapazia ya chungwa. Doreen aliyashona majira yale ya baridi umeme ulipokuwa ukikatwa. Mimi nilishika mshumaa. Pindo la kushoto limekwenda upande kwa sababu nilipiga chafya.

Nimekimbilia dukani na ndara za nyumbani. Yameuzwa. Kwa mzee mmoja mwenye haraka, wanasema. Nikakaa kwenye kiti cha kuuzwa mpaka wakaniomba nimpishe mteja.

Alhamisi, 5 Septemba

Clifford kabisha hodi na mfuko. Nikadhani kaja kutamba na bundi wake. Ndani mna mapazia, yamepigwa pasi. Aliyaona kwenye dirisha la duka, akajua nitayalilia kabla wiki haijaisha. "Mjinga wewe, Norman. Injika birika."

Nimeinjika. Miwani ilinisumbua, nikawa naifuta tu. Kisha tukayatundika tena. Pindo bado limepinda.

Jumamosi, 7 Septemba

Kamati imekuja. Mwenyekiti, Bi Hepworth, kasifu meko, kayatazama mapazia, kauliza ni ya enzi gani. Nikasema ya mke wangu. Kasema labda mwakani. Wamemchagua Clifford tena, na bundi wake.

Nimeshangaa: moyo mwepesi. Jua la jioni limepita kwenye mapazia, sebule nzima ikawa ya chungwa, pamoja na mimi.

Jumapili, 8 Septemba

Nimegundua kosa lililoninyima ushindi. Si mapazia. Ni zulia la Doreen la ngazini. Hilo sitalikumbuka hata kidogo. Kesho nalipeleka dukani.

Nimemwambia Clifford wanafungua saa ngapi. Ajue tu.