Simu ya Mama Vumilia Ilivyosoma Tovuti Yetu ya Maji

Jamani, leo nimeaibika. Naandika mwenyewe kabla wenzangu wa ofisini hawajawasimulia na chumvi juu.

Mnajua nafanya kazi kwenye ofisi ya maji ya bomba, na tovuti yake niliitengeneza mimi. Majuzi mkuu wetu akaniagiza niirekebishe ili hata wasioona waitumie. Simu zao zina sauti inayowasomea kila kilichoandikwa, lakini picha haiwezi kuisoma. Lazima uifichie maneno nyuma yake, ya kueleza inaonyesha nini. Nikayaandika. Mengine niliyaandika kwa mzaha, nikisema nitayabadilisha baadaye. (Nani angeyaona? Si yamefichwa!)

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuijaribu. Tulimwalika Mama Vumilia wa mtaa wa Lac Vert, ambaye haoni tangu utotoni. Mkuu alivaa koti. Ofisi nzima ilisimama nyuma yake. (Mimi nilikuwa nimechomekea. Nataja tu.)

"Papa, simu yangu itasoma yote yenye muliandika?" mama akauliza.

"Yote, mama! Hata picha!" nikajibu.

Akagusa. Sauti ikatoka kubwa, Kiswahili cha puani kama cha Mfaransa:

"Picha. Chef anajifanya anafungua robine. Maji haikutoka."

Mhasibu akakohoa, ila kile hakikuwa kikohozi.

"Ni nani aliandika ile?" mkuu akauliza polepole.

"Ni... ni mashine, chef." (Mungu anisamehe.)

Mama akagusa tena.

"Picha. Chef tena. Tumbo imefunika robine."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. (Hapa Goma, chini ya volkano, usitamani hivyo kwa sauti.)

Mama angecheka tu, ningepona. Hakucheka.

"Ya tumbo nimesikia," akasema. "Sasa miye nataka kujua, kwetu maji inakuya siku gani? Nangojaka watoto ya jirani wanichotee. Wakikosa, ninalala bila maji. Nikijua siku, nitaenda mwenyewe."

Nikamwelekeza kidole mpaka kwenye ratiba. Akagusa.

"Picha," simu ikasema.

Akagusa tena, taratibu, akidhani labda amekosea yeye.

"Picha."

Hakukosea. Ratiba nilikuwa nimeipiga picha ukutani nikaibandika hivyo hivyo. Nyuma yake sikuandika hata neno. Tumbo la mkuu nililieleza vizuri, siku ya maji nikaisahau! Hapo ndipo nilipoona aibu yenyewe, na hakuna aliyekohoa tena.

Nikamsomea kwa mdomo wangu. Kwao maji yalifunguliwa leo asubuhi, wakati yeye yuko njiani kuja kwetu.

"Ah," Mama Vumilia akasema. "Basi ni semaine ingine." Wiki nzima tena ya kungoja.

Akachukua fimbo yake, akatuaga wote kwa heshima, hata mimi. Afadhali angenitukana.

Ratiba sasa nimeiandika yote kwa maneno. Mkuu hajanisemesha mpaka saa hii.

Tumbo lake chekeni mpaka mchoke, ndugu zangu. Lakini ya ratiba, nawaomba, msinichekee.